Barafu, pipa la maji baridi au chumba cha nitrojeni: uchague baridi ipi?

Chumba chenye hewa ya nyuzi 110 chini ya sifuri kinatisha kuliko pipa la maji ya nyuzi 10, na bei yake inatisha zaidi. Lakini ukubwa wa nambari hauonyeshi nguvu ya tiba. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo mwili uliozama hupoteza joto upesi hata kama maji hayajakaribia kuganda. Watafiti walipolinganisha dakika karibu 4 katika hewa ya nyuzi −110 na dakika 4 katika maji ya nyuzi 8, misuli ya paja ilipoa kwa kiasi kinachokaribiana. Anayekaa majini dakika 10 hupoa kuliko hao wote wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ipi ni baridi zaidi, jiulize unataka kupoza nini. Je, ni kifundo cha mguu kilichoteguka, misuli ya mtu aliyemaliza mbio ndefu, ngozi iliyomwagikiwa chai, au mwili mzima wa hujaji aliyeanguka juani? Majibu hayafanani, na baridi inayomwokoa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Joto lote hapa ni kwa kipimo cha Selsiasi.

| Njia | Joto | Muda | Kazi yake hasa | Hatari kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Barafu ndani ya kitambaa | 0 | dakika 10–20 | kuteguka, kugongwa, maumivu ya sehemu moja | ngozi kuganda, neva kuumia |
| Pipa la maji baridi | 10–15 | dakika 5–10 | misuli kuuma baada ya mbio au mechi | mshtuko wa baridi, kuzama |
| Bomba la mvua | kadiri ya maji ya mahali | sekunde 30–90 | uchangamfu | ndogo kwa mtu mwenye afya |
| Chumba cha baridi kali | −110 hadi −140 | dakika 2–3 | kutuliza maumivu kwa muda | kukosa oksijeni, ngozi kuganda |
| Maji yanayotiririka | 15–25 | dakika 20 | kuungua | mtoto kupoa mwili mzima |

Barafu kwenye sehemu moja

Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba maji mengi ya baridi yakimiminwa juu ya kiungo kilichovimba bila kidonda hupunguza maumivu, kwa kuwa ganzi ya wastani huondoa uchungu. Maelezo hayo bado yanasimama. Baridi hupunguza kasi ya ishara kwenye mishipa ya fahamu, na ngozi ikishuka hadi nyuzi 13 hivi maumivu hufifia. Mwaka 1807, katika vita vya Eylau, Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliona kuwa askari waliopigwa na baridi kali walikatwa viungo kwa maumivu kidogo kuliko kawaida. Miaka ya 1840 na 1850 Mwingereza James Arnott aliigeuza hali hiyo kuwa mbinu. Alichanganya barafu iliyopondwa na chumvi, mchanganyiko unaoweza kushuka chini ya nyuzi −18, akautumia kutia ngozi ganzi na kugandisha uvimbe wa saratani. Hapo ndipo linapotoka onyo la kwanza: barafu ya kuweka mwilini isitiwe chumvi kamwe, kwa sababu chumvi huishusha hadi kiwango cha kuua ngozi.

Barafu inayoyeyuka ni bora kuliko kifuko cha jeli kilichotoka kwenye friza. Inapoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0 muda wote, na kuyeyuka kwenyewe hufyonza joto jingi. Jeli au pande la nyama lililoganda huanza kwenye nyuzi −18 hivi, linaweza kugandisha ngozi dakika za mwanzo, kisha hupata joto upesi na kuishiwa nguvu. Ponda barafu nusu kilo hadi kilo moja, itie kwenye mfuko wa nailoni, ongeza maji kiasi cha glasi moja, toa hewa na ufunge. Lowesha kitambaa chembamba, kikamue, kitandaze juu ya ngozi, weka mfuko juu yake na uuzungushie bendeji ya kuvutika bila kukaza sana. Kitambaa kikavu na kinene huzuia baridi, na taulo lililokunjwa mara nne halifanyi kazi yoyote.

Muda unategemea mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kwa mtu mwembamba, msuli wa paja huweza kupoa vya kutosha kwa dakika 8 hivi. Kwenye tabaka nene la mafuta kipimo hicho hicho cha kupoa huchukua karibu saa nzima, muda ambao ngozi haiwezi kuuvumilia. Kwa vidole, kifundo cha mguu na kiwiko dakika 10 zinatosha. Kwa paja au nyonga nenda hadi 20, usizidishe. Rudia baada ya saa 2, kwa siku mbili za mwanzo.

Hisia huja kwa mpangilio: kwanza baridi, halafu kuwaka, kisha kuuma kwa ndani, mwisho ganzi. Ganzi ikiingia, ondoa. Baada ya dakika 5 inua mfuko uangalie ngozi. Vitabu vingi husema utazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta rangi iliyopauka au ya kijivu, na uguse kwa kidole. Ngozi iliyokauka kama nta na kuwa ngumu ni dalili ya kuganda. Epuka pia kulaza barafu moja kwa moja upande wa nje wa goti, chini kidogo ya maungio, na upande wa ndani wa kiwiko. Hapo neva hupita karibu sana na ngozi, na watu wamewahi kuamka wakiburuta mguu kwa wiki kadhaa kwa sababu ya barafu iliyofungwa mahali pabaya.

Sehemu ndogo yenye maumivu ya muda mrefu, kama kano ya kisigino au kiwiko, haihitaji mfuko. Gandisha maji kwenye kikombe cha karatasi, chana ukingo wa juu, kisha sugua kwa mizunguko dakika 5 hadi 7 bila kusimama mahali pamoja.

Barafu huponesha? Hapa ushahidi umebadilika na ni vizuri kusema wazi. Mwaka 1978 daktari Gabe Mirkin wa Marekani alieneza kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua kiungo, nayo ikaingia kwenye kila sanduku la huduma ya kwanza uwanjani. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha uponaji, kwa sababu uvimbe wa mwanzo huleta chembe zinazojenga upya nyama iliyochanika. Mwongozo mpya wa majeraha ya misuli na viungo uliotoka mwaka 2019 hautaji barafu miongoni mwa hatua zake. Tunaloshauri ni hili: tumia barafu kama dawa ya maumivu kwa siku mbili za kwanza, funga bendeji, inua mguu, na uanze kuutembeza taratibu maumivu yakiruhusu. Kumpulizia mchezaji dawa ya baridi ili arudi uwanjani na kifundo kilichoteguka ni kumfichia ishara inayomkinga.

Vipi kukanda kwa maji ya moto, ambako ndiko watu wengi hukimbilia? Kwenye jeraha la leo, moto hufungua mishipa midogo ya damu na uvimbe huongezeka. Kuchua kwa nguvu huchana zaidi. Kukanda kuna nafasi yake baada ya siku tatu hivi uvimbe ukishatulia, na kwa mgongo uliokakamaa au shingo iliyokaza, ambako baridi husaidia kidogo tu. Kiungo kisichoweza kubeba uzito hatua nne, au chenye maumivu makali ukibonyeza mfupa, kipelekwe kupigwa picha kabla ya barafu wala moto.

Pipa la maji baridi

Kuzamisha mwili kwenye maji baridi kama tiba kulipata wenyewe wake Ulaya. James Currie wa Liverpool alichapisha mwaka 1797 ripoti zake za kutibu homa kwa kumwaga maji baridi, akipima joto la wagonjwa kwa kipimajoto wakati ambapo madaktari wengi hawakuwa nacho. Vincent Priessnitz, mkulima wa Gräfenberg katika milima ya Silesia, alijenga kituo kilichovuta watu wa ukoo wa kifalme; Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria akaeneza mabomba na mabeseni yake kupitia kitabu cha mwaka 1886. Charles Darwin alikwenda Malvern mwaka 1849 kutibiwa kwa maji, naye aliamini yalimsaidia. Wengi wao walidai makubwa kuliko walivyoweza kuthibitisha. Kwa wanariadha, pipa la barafu lilivuma mwaka 2002, baada ya Paula Radcliffe wa Uingereza kushinda mita 10,000 mjini Munich na kuyasifu maji ya barafu.

Ushahidi wa leo uko hivi. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 17 yenye watu 366, ukaona kwamba maji baridi hupunguza maumivu ya misuli siku moja hadi nne baada ya zoezi, ukilinganisha na kupumzika tu. Hilo ni jambo la maana kwa timu yenye mechi tatu kwa wiki moja au mkimbiaji wa mashindano ya siku mfululizo. Lakini kuna upande wa pili ambao wauzaji wa mabeseni hawautaji. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walifuatilia vijana waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12. Waliokaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 kila baada ya zoezi walijenga misuli kidogo na nguvu kidogo kuliko wenzao waliopasha mwili kwa baiskeli polepole. Baridi hupunguza mtiririko wa damu na kuzima sehemu ya ishara zinazoamuru msuli ukue. Kwa hiyo unayenyanyua vyuma ili ukue, weka pipa siku usiyonyanyua. Unayetafuta kupona haraka kati ya mechi, litumie bila wasiwasi.

Sasa hesabu ya barafu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. Dar es Salaam na Mombasa maji ya bombani huwa karibu nyuzi 28. Kushusha lita 100 kutoka nyuzi 28 hadi 12 kunahitaji barafu kilo 17 hivi, na kwa kuwa pipa, hewa na mwili wenyewe huongeza joto, nunua kilo 20. Ukitosheka na nyuzi 15, kilo 14 hadi 16 zinatosha. Nyanda za juu mambo ni rahisi: Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya tangi la kivulini asubuhi yanaweza kuwa nyuzi 17, na kilo 5 au 6 zinakufikisha kwenye 12. Vifuko viwili vya barafu ya dukani kwenye pipa la maji ya pwani havibadilishi kitu. Unaoga maji ya kawaida yenye vipande vinavyoelea.

Kwenye pipa la lita 200 weka lita 100 hadi 110 tu. Mtu mzima akizama hadi kifuani husukuma maji lita 60 au zaidi, na yakimwagika baridi uliyoilipia imekwenda. Tia barafu dakika 15 kabla, koroga hadi chini, pima kwa kipimajoto juu na chini, kwa sababu maji yasiyokorogwa hudanganya. Barafu ya sokoni kwa wavuvi ni rahisi lakini mara nyingi si safi. Usiitumie ukiwa na kidonda au malengelenge. Badilisha maji kila mara usipokuwa na dawa ya kuyasafisha. Pipa lililokuwa na kemikali lisitumike hata likioshwa.

Hatari ya pipa iko mwanzoni. Maji baridi yakigusa kifua ghafla, mwili huvuta pumzi ya kushtukia usiyoweza kuizuia, kupumua kunakwenda mbio, mapigo ya moyo na presha hupanda. Kilele ni sekunde 30 za kwanza, na hali hutulia baada ya dakika 2 au 3. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa pumzi hiyo, maji huingia mapafuni. Kuzamisha uso nako hutuma amri nyingine ya kupunguza mapigo ya moyo, na moyo unaopokea amri mbili zinazopingana unaweza kupoteza mpangilio wake, hata kwa mtu mwenye afya.

Ingia hivi: miguu kwanza, keti hadi kiunoni, toa pumzi ndefu polepole, subiri upumuaji utulie, ndipo ushuke hadi kifuani. Kichwa kibaki nje. Mara ya kwanza anza na nyuzi 15 kwa dakika 3. Ongeza hadi dakika 10 kwa wiki kadhaa. Chini ya nyuzi 10 hakuna faida ya ziada iliyothibitishwa kwa misuli, kuna hatari tu. Awepo mtu mwingine anayekutazama. Mazoezi ya kupumua haraka haraka na kuzuia pumzi, yaliyoenezwa na Mholanzi Wim Hof, yasifanywe majini kabisa: kupumua hivyo hufukuza kaboni dayoksaidi inayokuamuru uvute hewa, na watu wamezirai na kuzama kimya kimya.

Ukitoka, mwili unaendelea kupoa kwa ndani kwa dakika kadhaa, kwa sababu damu ya miguuni iliyopoa inarudi kifuani. Jifute, vaa nguo kavu, tembea, kunywa kitu cha moto. Usiruke moja kwa moja kwenye maji ya moto sana; mishipa hufunguka ghafla, presha hushuka, na wengi huanguka hapo bafuni. Kutetemeka ni kawaida. Kuongea kwa kukokota maneno au kuchanganyikiwa si kawaida.

Bomba la mvua

Faida zinazotangazwa zaidi kwa kuoga baridi zina chanzo kimoja kizuri: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 3,018, wengi wao wakimaliza kuoga kwa maji baridi sekunde 30, 60 au 90 kwa siku 30, na wengine wakioga kama kawaida. Waliooga baridi walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29. Lakini siku walizoumwa hazikupungua. Waliumwa vilevile, ila walikwenda kazini. Sekunde 90 hazikuzidi sekunde 30 kwa matokeo. Hivyo kama unataka kujaribu, nusu dakika inatosha.

Utafiti ule ulifanyika kipindi cha baridi kali, maji yakiwa yamepoa sana kwenye mabomba. Maji ya nyuzi 28 ya Tanga au Zanzibar yanaburudisha na kusaidia usingizi usiku wa joto, ila hayaleti mshtuko uliopimwa kule. Kilichopimwa mara nyingi kwenye baridi ni kupanda kwa homoni ya noradrenalini, inayoleta uchangamfu. Kwa watu waliokaa saa nzima kwenye maji ya nyuzi 14 hadi shingoni ilipanda kwa asilimia 530. Saa hiyo nzima ilikuwa maabarani, chini ya uangalizi, na haifai kuigwa nyumbani.

Chumba cha baridi kali

Mjapani Toshima Yamauchi alianza mwaka 1978 kuwaingiza wagonjwa wa baridi yabisi kwenye hewa ya baridi kali kwa muda mfupi, ili maumivu yatulie wapate kufanya mazoezi ya viungo. Poland ilifuata mwaka 1989 mjini Wrocław, na huko hadi leo chumba ni sehemu ya tiba ya mazoezi hospitalini. Mpangilio huo ni wa maana: chumba kilikuwa maandalizi ya mazoezi. Kilipohamia kwenye saluni na jimu za Marekani, Ulaya na Dubai, mazoezi yakabaki nyuma na madai yakaongezeka, kuanzia kupunguza uzito hadi kurudisha ujana.

Mwaka 2015 Cochrane ilipata majaribio 4 tu yenye watu 64 kuhusu chumba na maumivu ya misuli, ikasema ushahidi hautoshi. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haijaidhinisha mashine yoyote ya aina hiyo kutibu ugonjwa wowote. Kwa mwenye baridi yabisi aliye chini ya daktari, nafuu ya saa chache inaweza kumpa nafasi ya kunyoosha viungo. Kwa mwanamichezo mwenye misuli inayouma, pipa linafanya zaidi kwa gharama ndogo.

Kama umeamua kwenda, kwanza uliza mashine inapoza kwa kutumia nini. Vyumba vya umeme hupoza hewa unayoivuta, na oksijeni hubaki. Vibanda vinavyoacha kichwa nje mara nyingi hupuliza mvuke wa nitrojeni, gesi isiyo na harufu inayofukuza oksijeni. Mtu akiinamisha kichwa ndani ya mvuke huo, huzirai bila kuhisi kukabwa. Mwaka 2015 huko Nevada mfanyakazi wa kituo kimoja aliingia peke yake baada ya saa za kazi, akakutwa amekufa. Kituo kizuri kina king'ora cha kupima oksijeni ukutani, mhudumu asiyetoka chumbani, na jukwaa linaloinuliwa hadi kichwa kiwe juu ya ukingo. Kikikosekana hata kimoja, ondoka.

Mwilini kusiwe na unyevu wowote. Jasho, losheni, soksi iliyolowa au nywele mbichi huganda na kuchuna ngozi. Vaa glavu na soksi kavu, funika masikio, vua mikufu na pete. Dakika 3 ndiyo mwisho.

Joto likizidi: kuungua, jua kali na homa

Hapa baridi huokoa maisha kweli, na ndipo makosa yanapogharimu.

Ngozi iliyoungua kwa moto au maji ya moto iwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Inasaidia hata kama zimepita saa 3 tangu kuungua. Kusiko na bomba, mimina kwa kopo bila kuacha. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Barafu ni kosa: hubana mishipa ya damu ya ngozi iliyokwisha kuumia na kidonda huenda chini zaidi. Dawa ya meno, mayai, mafuta na unga hufungia joto ndani na kuleta vijidudu, na hospitali hulazimika kuvisugua. Mtoto mdogo mpoze sehemu iliyoungua tu na umfunike blanketi kwingine, maana hupoa mwili mzima haraka.

Kiharusi cha joto ni joto la ndani la nyuzi 40 au zaidi pamoja na kuchanganyikiwa, degedege au kuzirai. Kwa mwanariadha au mfanyakazi kijana aliyeanguka, hakuna njia inayoshinda pipa la maji ya barafu hadi shingoni, mtu akimshika makwapani. Joto la ndani hushuka kiasi cha nyuzi 0.2 kwa dakika. Poza kwanza, safirisha baadaye. Kwenye mbio za Falmouth nchini Marekani, wakimbiaji 274 walitibiwa hivyo kwa miaka 18 na wote waliishi. Mtoe joto la njia ya haja kubwa likifika 39. Bila kipimajoto, mtoe baada ya dakika 10 hadi 15 au akianza kutetemeka. Pasipo pipa, mwagieni maji bila kukoma huku mkimpepea, na mbadilishieni mashuka yaliyoloweshwa maji ya barafu.

Kwa wazee, ambao moyo wao huenda usihimili pipa, Makka ilibuni njia yake kwa ajili ya mahujaji mwanzoni mwa miaka ya 1980: mgonjwa hulazwa kwenye wavu, hunyunyiziwa ukungu wa maji na kupulizwa hewa ya joto. Hewa ya joto inashangaza, lakini sababu ni nzuri. Ngozi ikibaki na joto mishipa yake haijifungi, damu inaendelea kuleta joto nje, na maji yanayokauka yanaliondoa. Katika hija ya Juni 2024 joto la Makka lilizidi nyuzi 50 na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Anayesindikiza wazazi awe na chupa ya kunyunyizia na feni ndogo, na ajue kwamba paracetamol haifanyi kazi kwenye kiharusi cha joto.

Homa ni jambo tofauti. Mwenye homa, ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto. Ukimtia mtoto kwenye maji baridi, mwili hutetemeka ili kurudi pale ulipopangiwa, na mtoto anateseka bure. Mpunguzie nguo, mpe vinywaji, paracetamol miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, na apimwe malaria ndani ya saa 24.

Tiba mgando ni kitu kingine

Kinamama wengi Tanzania na Kenya wameisikia tiba ya baridi kliniki, baada ya kipimo cha siki kuonyesha mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi. Hiyo huua chembe kwa makusudi: ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi hugandisha dakika 3, huachwa iyeyuke dakika 5, kisha hugandisha tena dakika 3. Kuyeyuka kule kati ni sehemu ya tiba, kwa kuwa chembe hupasuka zaidi zikigandishwa mara ya pili. Majimaji hutoka wiki kadhaa baadaye, na tendo la ndoa huachwa kwa wiki 4. Vituo vingi sasa vinahamia kwenye kifaa cha kuchoma kwa joto, kwa kuwa mitungi ya gesi ni ghali na mizito. Ukipewa kimojawapo, kubali. Kusubiri ndiko kunakodhuru.

Nani asitumie baridi

Mwenye selimundu asiingie kwenye pipa wala chumba, na asiwekewe barafu hata kwenye kiungo kinachouma. Baridi hubana mishipa midogo, chembe zilizopinda zinakwama, na maumivu makali huanza. Yeye hukandwa kwa joto. Katika nchi zetu zenye watoto wengi wa selimundu, kocha na mwalimu wa michezo waulize kabla ya kupanga watoto kwenye maji.

Waliowahi kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, wenye presha isiyodhibitiwa, pumu inayoamshwa na baridi, na wajawazito waepuke pipa na chumba bila idhini ya daktari. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiweke barafu mguuni, kwa sababu hataisikia ngozi ikiganda. Wapo ambao vidole hugeuka vyeupe kwa baridi kidogo, na wapo wanaotoka mabaka ya kuwasha wakigusa barafu. Hawa wa mwisho wajipime kwa kipande cha barafu ndani ya nailoni, dakika 5 kwenye mkono: uvimbe wa kuwasha ukitokea mahali pale ngozi inapopata joto tena, kuoga baharini au kwenye pipa kunaweza kuwaangusha, na wamwone daktari kwanza.